Mtoto si shimo la dhahabu
Namna ya kusaidia mtoto anayeshindana katika michezo



Siku ya Mungu kisha ibada, mtu akipita Mugogo, Burhale ao Nzibira, ataona vijana wamejaa uwanjani. Wengine wana mpira wa kweli, wengine wana mpira wa majani ya migomba uliofungwa na kamba. Wasichana wanacheza nzango pembeni. Na kando ya uwanja, wazazi ni wachache. Wengine wako nyumbani wanasema, «Mutoto huyu anapoteza wakati tu.» Wengine wamekuja, lakini wanapiga kelele na kutukana mwamuzi kushinda vijana wenyewe.

Mwezi huu tuzungumuze juu ya jambo hili: kama mtoto wako anapenda kushindana katika mchezo, wewe mzazi kazi yako ni nini? Umwache? Umsukume? Umkataze? Tutaanza mbali sana, katika inchi za baridi, halafu tutarudi kwetu Walungu.

MTOTO WA KILIFI JUU YA THELUJI

Sisi tunaijua theluji kwa mbali tu. Wale waliofika upande wa Beni, siku mawingu yalipoondoka, waliona weupe juu ya Ruwenzori, mlima wa metre 5109. Hata Kahuzi yetu, na metre zake 3308, haina theluji. Lakini kule Ulaya inaanguka mpaka mlangoni mwa nyumba. Watu wanafunga mbao mbili nyembamba miguuni, zinazoitwa ski, na kuteremka mlimani mbio. Katika mashindano mengine wanapita kilometre 100 kwa saa, bila motere, bila usukani. Ukianguka, unaweza kuvunjika mguu ao shingo.

Tumechagua mfano huu makusudi. Mchezo huu hakuna mtu wa kwetu atakayeucheza hapa Ngweshe, basi hakuna mzazi atakayeanza kuota makuta. Tuangalie wazazi peke yao, wanafanya nini.

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, mwaka wa 1998. Alipokuwa na miaka 3 alihamia Austria pamoja na mama yake. Baba wa kambo, mtu wa Austria, alikuwa na mashine ya kupandisha watu mlimani ili wateremke na ski. Ni yeye aliyemfunga mtoto ski miguuni akiwa bado mdogo kabisa. Mtoto akapenda, akaanza kushindana.

Mwaka wa 2012 baba yule akafa. Sabrina alikuwa na miaka 14 hivi. Watu wengi wangesema, mchezo umekwisha. Haukuisha. Mwaka wa 2016 aliwakilisha Kenya katika michezo ya Olimpiki ya vijana kule Lillehammer, Norvege. Mwaka wa 2017 alishindana katika mashindano ya dunia kule St. Moritz, Uswisi. Na mwezi wa pili 2018, kule Pyeongchang, Korea ya Kusini, alibeba bendera ya Kenya, mwanamke wa kwanza wa inchi hiyo kufika katika Olimpiki ya baridi. Alivaa nguo zenye madoa ya chui. Katika shindano moja la kuteremka, lile linaloitwa super-G, akawa wa 38. Siku hiyo mshindi alimpita wa pili kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Tuone mambo mawili hapa. La kwanza: baba yule hakumzaa Sabrina. Kwetu nyumba nyingi zinalea mtoto wa ndugu, yatima wa vita, ao mtoto ambaye mama alikuja naye kwa bwana mwingine. Mara nyingi mtoto huyu ndiye wa kwanza kutumwa maji na wa mwisho kuulizwa anapenda nini. Kumbe mtoto wa kambo naye ana zawadi yake, na anayeweza kuiona ni yule anayeishi naye kila siku.

La pili: baba yule alimpa mtoto kitu kilichokuwa mkononi mwake tayari. Alikuwa na mashine yake ya mlimani, akamfundisha kwa mlima ule. Wewe hauna mashine ile. Lakini una saa moja siku ya posho jioni. Una macho ya kumwangalia anapocheza. Una kinywa cha kusema, «Mwanangu, leo nilikuona.» Mtoto hasahau neno kama hilo.

YULE WA MWISHO NA YULE WA KWANZA

Kabla ya Sabrina kulikuwa Mkenya mwingine. Philip Boit alizaliwa Eldoret mwaka wa 1971. Alikuwa mkimbiaji, na jamaa yao ilijua mbio: Mike Boit, aliyepata medali ya shaba katika metre 800 kule Munich mwaka wa 1972, ni mtu wa jamaa hiyo. Mwaka wa 1996 kampuni ya viatu, Nike, ilimlipia Philip safari ya Finland ili ajifunze ski, si ile ya kuteremka, lakini ile ya mbio ndefu katika pori. Mbele ya hapo hakuwa amekanyaga theluji hata siku moja.

Kisha miaka miwili tu akaenda Olimpiki ya Nagano, Japani, mwezi wa pili 1998. Shindano lilikuwa la kilometre 10. Bjørn Dæhlie wa Norvege alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Philip alifika kwa dakika 47 na sekunde 25, nafasi ya 92, wa mwisho kati ya wote waliomaliza.

Sasa sikieni yaliyofuata. Dæhlie, ambaye alikuwa mkubwa wa mchezo huu katika dunia nzima, hakuenda kuoga wala kushangilia. Alisimama kwenye mstari, katika baridi, akangoja dakika 20 mpaka yule wa mwisho akafika, akamkumbatia. Philip alirudi Kenya, na mtoto wake wa kiume akamwita Dæhlie. Halafu akaenda Olimpiki nyingine mbili: Salt Lake City mwaka wa 2002 na Torino mwaka wa 2006.

Mzazi, siku mtoto wako amekuwa wa mwisho, wewe unasimama wapi? Siku ya kikombe ni rahisi, hata majirani watakuja kula kuku. Lakini siku amekosa penalti mbele ya watu wa Walungu nzima, na njia yote anasikia wenzake wanamcheka, atakapoingia nyumbani atakuta uso wa namna gani? Kama atakuta matusi, atajifunza kwamba unampenda wakati wa kushinda tu. Na siku atakaposhindwa katika jambo kubwa zaidi, katika masomo, katika ndoa, hatakuja kukuambia. Mtume Paulo anakumbusha wababa kwamba ukali wa kila siku unavunja moyo wa mtoto (tazameni Wakolosai 3:21).

INCHI INAYONGOJA WATOTO WAKUE

Norvege ni inchi ndogo kwa hesabu ya watu, haifiki milioni 6. Lakini katika Olimpiki ya baridi ya 2018 ilipata medali 39, na katika ile ya Beijing mwaka wa 2022 ilipata medali za dhahabu 16. Mtu angefikiri kule watoto wanasukumwa kwa fimbo tangu miaka 5. Hapana. Tangu mwaka wa 1987 shirikisho lao la michezo lina kanuni juu ya michezo ya watoto. Mbele ya miaka 11, hairuhusiwi kutangaza orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mbele ya miaka 13, mtoto haendi katika mashindano ya kutafuta bingwa wa inchi. Mtoto mwenyewe ana haki ya kuchagua mchezo, kuchagua michezo miwili ao mitatu, na kuacha. Usalama wake, urafiki na furaha vinakuja mbele ya kikombe.

Juu ya nini? Kwa sababu mtoto wa miaka 9 anayeshinda wenzake leo, mara nyingi ameota mifupa mbele yao tu. Kisha miaka mitano wale wadogo wanamfikia. Ukiwafukuza wadogo mapema, unapoteza wale ambao wangekuwa wakubwa. Na mtoto anayerudia kazi moja ya mwili kila siku, mwaka mzima, bila kupumzika, anaumia magoti na mgongo, tena anachoka rohoni. Anauacha mchezo akiwa na miaka 15.

SASA TURUDI KWETU

Katika mahali petu pa machimbo, mchezo una adui wawili. Wa kwanza ni ule mzazi anayesema mtoto aende shimoni, ni huko makuta iko. Tuseme kweli: si wazazi wote wanasema hivyo kwa ubaya. Kuna njaa, kuna madeni, kuna mtoto mgonjwa katika hospitali. Lakini mtoto anayebeba mifuko ya mawe tangu asubuhi, ao anayeosha dhahabu na zebaki mikononi, anauza mwili wake kabla haujaisha kukua. Sheria ya inchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, ile ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumtumikisha kazi za hatari. Shimo la mgodi ni kazi ya hatari.

Adui wa pili anajificha, na mara nyingi anapendeza. Ni yule anayeona mtoto anacheza vizuri akaanza kuhesabu. Ninyi watu wa mgodi munajua namna shimo linavyofanya kazi. PDG anatoa makuta ya chakula, ya miti, ya pompe ya maji. Anangoja miezi. Siku mawe yanapotoka, anachukua sehemu yake mbele ya wengine. Hiyo ni haki yake, ni mapatano ya shimo. Lakini kuna wazazi wanaomtendea mtoto vilevile: «Nimekununulia viatu, nimekulipia njia mpaka Bukavu, sasa utanijengea nyumba ya mabati.» Mtoto wa miaka 13 anaingia uwanjani na nyumba nzima mgongoni: madeni ya baba, minervali ya wadogo zake, dawa za nyanya. Miguu yake inakuwa mizito. Akiumia anaficha maumivu, kwa sababu anaogopa kuambiwa amewanyima chakula.

Mtoto si shimo la dhahabu. Haukuweka makuta ndani yake ili utoe mara mbili. Mungu akimbariki, atawakumbuka wazazi wake kwa moyo wake mwenyewe. Lakini vijana wengi sana wanacheza, na wanaopata mkate katika mchezo ni wachache sana. Hata Kenya, ambayo wakimbiaji wake wanajulikana dunia nzima, haikuwa na mchezaji hata mmoja katika Olimpiki ya baridi ya 2022.

MAMBO SABA MZAZI ANAWEZA KUFANYA

1. Umlishe. Wazee wanakumbuka ugonjwa wa bwaki ulivyomaliza watoto hapa Kivu. Mtoto hawezi kukimbia na chai ya rangi peke yake. Bugali na maharagi, sombe, soya, sambaza wakati zinapatikana, na maji safi. Tena alale vizuri usiku. Siku moja katika juma apumzike kabisa.

2. Linda masomo. Patana naye mbele ya msimu: saa za mchezo ni hizi, saa za masomo ni hizi. Akikosa points, usimpige marufuku ya mchezo mwaka mzima. Mpunguzie siku, mfuate, halafu umrudishie. Mtoto anayependa mpira atasoma ili asiupoteze.

3. Uende kumwona. Hata mara moja kwa mwezi. Baba na mama, si baba peke yake. Ukiwa uwanjani, piga makofi kwa watoto wote. Kufundisha ni kazi ya mwalimu wa timu. Usimpandishie sauti juu yake.

4. Msichana vilevile. Mara nyingi tunasikia, «Mutoto mwanamuke hachezake, aende kuchota maji.» Sabrina ni msichana. Kama kazi za nyumba zinamzuia binti peke yake, gawanya kazi hizo na kaka zake. Jerikani ya maji haichagui mkono.

5. Jua aliye naye. Mwalimu wa timu ni nani, anaishi wapi, watu wa kanisa na wa mtaa wanasema nini juu yake? Mtoto, wa kiume ao wa kike, asibaki peke yake na mtu mzima katika chumba kilichofungwa. Timu ikilala safarini, kuwe wazazi wawili pamoja nao, na mama awe kati yao kama kuna wasichana. Mtoto akikuambia, «Papa, siendi tena kwa yule,» usimgombeze. Kaa chini, msikie mpaka mwisho. Na timu ya mgodini inayowapa watoto pombe ao bangi kisha mchezo, hiyo si timu, umtoe humo.

6. Usifiche maumivu. Akigongwa kichwa, anatoka uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali. Mguu ukivimba na hawezi kuukanyaga, umpeleke kwenye sentre ya afya mbele ya kumkanda. Mfupa uliovunjika ukikandwa unaharibika zaidi.

7. Ogopa mtu wa ndoto. Wako watu wanaofika wakisema, «Nitapeleka mtoto wenu Ulaya, mutoe dola za pasiporti.» Jueni hili: kanuni za FIFA zinakataza kuhamisha mchezaji wa mpira kutoka inchi moja kwenda nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa, kama wazazi wake wenyewe kuhamia inchi ile kwa sababu isiyo ya mpira. Anayewaambia mambo ya haraka kwa mtoto wa miaka 15, na anayetaka dola kwanza, anataka shamba lenu. Muulizeni mwalimu wa masomo, muulizeni mchungaji ao padri, muulize katika shirika lenu, mbele ya kuuza ngombe.

NA NINYI VIJANA

Tusiseme na wazazi peke yao. Wewe kijana unayelia kwamba papa hakusaidii, umemwambia wazi unachopenda? Ao unatoroka tu kwenda uwanjani na kurudi usiku? Fanya mapatano naye: nitamaliza kuchota maji, nitamaliza devoir, halafu nitakwenda. Ukitimiza neno lako miezi mitatu, papa mkali naye ataanza kulegea.

Na usidanganye umri ili ubaki katika timu ya wadogo. Kikombe cha udanganyifu kinamnyima mdogo wako nafasi yake. Paulo aliwajua wakimbiaji wa wakati wake, akaona mazoezi yao na namna walivyojinyima (tazameni 1 Wakorinto 9:24 na kuendelea). Aliwasifu kwa kutawala mwili wao. Jambo hilo unaweza kulipata hata kama haupati medali: kuamka mapema, kutii mapatano, kushindwa bila kupigana, kumpa mkono aliyekushinda. Vitu hivyo utavihitaji ukiwa mwalimu, mlimaji, muganga ao mama wa jamaa.

MASWALI YA KUZUNGUMUZIA NYUMBANI

Jioni moja kisha chakula, zimeni redio, muulizane:

Kila mtoto wetu anapenda mchezo gani, ao kazi gani ya mikono, na tumejua lini? Mara ya mwisho mtoto alishindwa, sisi tulimwambia neno gani? Katika nyumba hii, nani hana saa ya kucheza hata moja kwa juma, na ni juu ya nini? Kama mtoto wetu hatapata hata franga moja katika mchezo wake maisha yake yote, tutaendelea kumsaidia?

Swali hili la mwisho mulijibu polepole, na mumwache mtoto aseme kwanza.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.